Mkebe wa Tatu wa Maharagwe

Mwezi uliopita nilirudi Bukavu, nikapita mtaa tuliokaa zamani. Pale kwetu migomba imekwisha, nyumba zimebanana hadi karibu na ziwa. Nikajikuta nacheka peke yangu kwa sababu ya maharagwe. Ngoja nikusimulie.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na mwalimu wetu alikuwa na bidii ya ajabu. Alitupa kazi ya kupanda maharagwe nyumbani katika mikebe mitatu: mmoja tutie samadi ya ng'ombe, wa pili majivu ya jikoni, wa tatu tuumwagilie maji tu, uwe wa kulinganishia. Atakayeeleza matokeo vizuri kuliko wote ndiye angesimama kusema mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Niliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukanipotea.

Nikaipanga mikebe yangu barazani, harufu ya samadi ikichanganyika na ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokuwa ikichemka. Majani yakatoka. Lakini ule wa tatu, usiopewa kitu, ukaipita mingine kwa mbali! Nikaandika kwamba mbolea inadhuru maharagwe. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akanituma nikatafute sababu, la sivyo angemchagua mwingine.

Nikamwuliza bibi yangu, tuliyemwita Koko, kama kuna mtu aliyegusa mikebe. Alikuwa anamenya ndizi, akanijibu bila wasiwasi wowote:

"Ule wa tatu ulikuwa naangalia benzake banakula. Mi njo nilikuwa naupatia udongo muzuri wa mu migomba, kila asubui."

Nyumbani kwa Koko hakuna aliyekaa na njaa wengine wakila, awe mgeni, awe mtoto wa jirani. Kumbe hata mkebe. Nililia kwa hasira, na kesho yake nikamweleza mwalimu nikijua nafasi imekwenda. Alicheka hadi akavua miwani.

"Matokeo yako haiko mabaya, mutoto. Koko yako amepima udongo wa migomba. Uende useme ile."

Nikaisema, mbele ya wazazi wote. Koko alikaa mstari wa mbele na kitenge chake kipya, akiitikia kwa kichwa kama mkaguzi.

Baadaye nikawa mtu wa kilimo. Vijana ninaowafundisha hunicheka ninavyokihurumia kipande cha shamba tunachokiacha bila mbolea. Ni hodari, watafika mbali kuliko mimi. Ila siku hizi majaribio yangu yanakwenda sawasawa, hakuna wa kuyaharibu kwa huruma, na hilo linaniuma.