Nilipunguza dizeli ili Fuso ipite kipimo cha moshi, dereva akakwama mlimani Muyenga

Salaam wakuu. Hili limenikaa kooni muda mrefu. Nalisema lilivyokuwa, hata pale linaponiumbua.

Mimi ni fundi wa malori, Kisenyi hapa Kampala. Mteja wangu mkubwa ni Hajati mmoja mwenye Fuso nne za kubeba simenti. Zote kuukuu, moshi mweusi tii.

Kipimo cha moshi kilipokazwa, moja ikafeli, nozeli zake za kunyunyizia dizeli kwenye injini zimechakaa. Hajati akaja gereji.

"Fundi, nozeli mpya siziwezi kwa sasa. Fanya ipite tu."

Mafundi tunaujua huo ujanja. Unapunguza dizeli kwenye pampu, moshi unakata. Ila nguvu nazo zinakata, kwa hiyo lazima urudishe kabla gari haijabeba mzigo.

Nikafanya hivyo, na kesho yake asubuhi gari ikapita kipimo. Nikamwambia Hajati ailete tena gereji niirudishie dizeli. Akasema sawa.

Saa tisa alasiri simu ikalia. Okello, dereva wake. Mtoto wa mwanajeshi, mtu mtulivu sana. Siku hiyo sauti ilitetemeka.

"Fundi, gari haivuti. Niko mlima wa Muyenga, natokea Kansanga. Nimepakia full."

Kumbe Hajati alipata oda ya haraka, Okello akapewa gari bila kuambiwa lolote. Na mimi sikumpigia.

"Vuta handbreki. Watu waweke mawe nyuma ya tairi."

"Handbreki haishiki. Inarudi, fundi. Nyuma kuna gari ya shule."

Nikasikia honi, chuma kikikwaruza, halafu simu ikakatika.

Nilipanda boda mpaka kule na spana mkononi, sijui ya nini.

Okello alikata usukani, akaligongesha lori kwenye ukuta wa mtu. Simenti imemwagika barabara nzima. Watoto wa shule wazima. Yeye kavunjika mkono.

Hajati alipofika, alilia palepale. Baadaye akauza Fuso moja, tukafunga nozeli mpya kwenye tatu zilizobaki. Sasa zinapita kihalali.

Okello alikuja gereji mkono ukiwa na plasta.

"Fundi, ulijua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Siku hizi anaendesha kwa tajiri mwingine, na salamu yangu haitikii.

Nilichojifunza: ukigusa gari, anayeshika usukani ndiye wa kwanza kuambiwa, kabla hata ya mwenye gari.

Madereva na mafundi wenzangu, hiki kipimo nyinyi mnakipitaje? Hata wa kunilaumu, andikeni, nitasoma.