Kifungu Nilichokiacha Kipotee

Mimi ni mtu wa wivu, tangu utotoni, na sijawahi kupona. Lakini wivu ulionikaba kule Saint Paul, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, uliniuma kuliko wote, kwa sababu aliyenitia wivu nilimleta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa kibarua kwenye ofisi ndogo ya kuchapa vitabu vya sheria. Jimbo moja la mbali lilikuwa limetupa kazi ya kupanga upya sheria zake za bunduki na silaha za hatari. Kwa miaka mingi wakubwa wa huko walikuwa wakichomeka kifungu hapa na kingine pale, mpaka upanga uliofichwa ndani ya fimbo ya kutembelea ukawa ukurasa mmoja na leseni za wauza bastola. Sisi tulitakiwa kukipeleka kila kifungu kwa jamaa zake bila kubadili maana. Mkuu wetu, mzee wa Kimarekani mwenye sauti ya chini, alitukumbusha karibu kila asubuhi: "Hata upuuzi uhame kama ulivyo." Ni kama kumhamisha mtu nyumba, sufuria iliyotoboka nayo unaipakia, maana si yako.

Kazi ilipozidi, mkuu aliniuliza kama namjua mtu makini. Nikamtaja binti wa Kikenya niliyekuwa nikisali naye, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekaa kwa shangazi yake Maple Grove. Alianza Jumatatu. Kufikia Alhamisi mkuu alikuwa akimwita mezani kwake kumwuliza maoni. Mimi nilikuwa na miezi minane pale, na mzee yule hakuwa ameniuliza hata kama kahawa imechacha.

Basi nikaanza kumchukia. Nilichukia kicheko chake, nikachukia kwamba wengine walicheka naye. Nilichukia gari lake dogo, maana mimi nilitoka Richfield kwa mabasi mawili na kufika miguu imekufa ganzi kwa baridi. Hata alivyokuwa akivua glavu zake, kidole kimoja kimoja, ilinikera. Naye akaniita sista, akaniletea chapati za shangazi yake, nikazila zote huku nimenuna.

Halafu mkuu akatangaza kwamba mmoja wetu wawili ataajiriwa moja kwa moja, pamoja na bima ya afya. Mwanangu mdogo alikuwa na pumu. Nilikuwa nikihesabu mivuto iliyobaki kwenye dawa yake ya kuvuta. Kazi ile niliitaka sana.

Tulikuwa na desturi ya kusomeana. Aliyeandika mpangilio mpya alisoma sheria ya zamani kwa sauti, mwenzake akafuatilia kwenye karatasi mpya, kisha huyo mwenzake akatia sahihi. Siku moja alisoma yule binti, kurasa alizozipanga mwenyewe. Akafika kwenye kifungu kinachosema mtu aliyeokota bunduki na kuipeleka polisi hana kosa. Nikakitafuta kwenye karatasi. Hakipo. Kulikuwa na kinachofanana nacho, cha mtu aliyemnyang'anya mhalifu silaha, na nikaelewa mara moja: alidhani ni kitu kilekile kimerudiwa, akakitoa kimoja. Yaani mama anayekuta bastola chini ya kitanda cha mwanawe na kuikimbiza kituoni angekuwa mhalifu, na tuliomfanya hivyo ni sisi.

"Sista, uko na mimi?" aliuliza. "Ama nisome pole pole?"

"Endelea tu," nikasema. Nikatia sahihi.

Sitadanganya kwamba nilihangaika. Nilifurahi. Nilipanda basi nikiwa mwepesi, nikamwona mkuu kichwani mwangu akimgeuzia uso, nikapika wali na kuimba.

Ijumaa mkuu alisoma mwenyewe kabla ya kutuma, akaona pengo. Akatuita. Aliweka karatasi mezani, na hapo ndipo akili iliponirudia: sahihi iliyo chini ya ukurasa ni yangu. Nilikuwa nimemchimbia shimo na kusimama ndani yake. Nikafungua mdomo nijitetee.

Binti akaniwahi. Alimwambia mkuu kwamba kosa la kupanga ni lake, na kwamba siku ya kusomeana aliharakisha akakiruka kile kifungu, kwa hiyo mimi nisingeweza kujua. Mkuu akakiandika kile kifungu pembeni ya ukurasa. Akamshukuru kwa ukweli wake, na wiki iliyofuata akaniajiri mimi.

Nilimfuata binti ngazini siku ileile ya Ijumaa.

"Hukukiruka," nikamwambia. "Nilikusikia ukikisoma."

"Najua nilisoma, sista. Na ulisikia. Hata sauti yako ili-change."

"Sasa kwa nini umesema hivyo?"

"Si mtoto anahitaji insurance? Mimi niko na ya shule." Akavaa glavu zake. "Lakini next time uniambie, tafadhali. Watu wangefungwa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Ningeweza kurudi juu kumwambia mkuu kila kitu. Mlango wake ulikuwa bado wazi. Nilisimama pale ngazini mpaka nikasikia gari la binti linawaka, kisha nikaenda kituoni kungoja basi.

Nilifanya kazi ile miaka sita, na mwanangu alipata dawa. Binti alimaliza chuo akahama jimbo. Gari lake nilikwisha kulisamehe, na ujana wake, na kicheko chake. Lile alilolifanya mbele ya mkuu bado namwonea wivu, kwa sababu najijua: ningekuwa yeye, nisingelifanya.