Programu ya Mikate ya Mwalimu Usi

Usi Makungu alikuwa mtu wa kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Wanafunzi wake wa hesabu walimpenda kwa hilo, na wenzake wa barazani walimvumilia kwa hilo hilo. Alizaliwa Makunduchi, akaja mjini kusoma, akabaki mjini kufundisha. Miaka ya tisini, kompyuta zilipoanza kuingia Unguja moja moja ndani ya maboksi yao, yeye ndiye mwalimu wa mwanzo pale skuli kwake kukaa mbele ya mashine ile bila ya kuogopa kuiharibu. Alijifunza kwa vitabu vya kuazima. Akaandika programu ya kupanga maksi za wanafunzi, halafu ya kupanga ratiba, na kufika mwaka elfu mbili, mtu akikwama na kompyuta popote kati ya Malindi na Mkunazini aliambiwa amtafute Mwalimu Usi. Na Mwalimu Usi akitafutwa alipatikana upesi sana.

Mwaka huo Bwana Sleiman, mwenye tanuri la mikate Malindi, alikuwa na shida moja iliyomsumbua kila jioni. Ilikuwa lazima awaambie wakandaji wake wakande unga kiasi gani. Akizidisha, mikate inalala, na mkate wa boflo uliolala hauna mteja ila kuku. Akipunguza, watu wanarudi mikono mitupu na maneno mdomoni. Miaka yote alikuwa akikisia kwa kichwa chake, lakini kichwa nacho kilikuwa kimeanza kuchoka. Ndipo muuzaji mmoja kutoka Dar es Salaam alipomletea habari ya programu yenye akili, inayotazama mauzo ya nyuma, ikajifunza, kisha ikakwambia ya kesho.

Bwana Sleiman hakujua kompyuta inawashwa wapi. Aliyejua ni binti yake, Rukaiya, ambaye ndiye mshika ofisi, na Rukaiya alisomeshwa na Mwalimu Usi. Basi wakamwita mwalimu wamuulize: wanunue ile ya Dar, au wajengewe yao hapa hapa?

Swali lilikuwa la haki kabisa. Lilistahili mtu aende akalifikiri, aitazame hiyo programu ya Dar, awaulize waliokwisha kuitumia. Mwalimu Usi hakuomba hata kuiona.

"Ununue akili ya watu, Bwana Sleiman?" alisema. "Wao wataijulia wapi mikate ya Malindi? Ntakujengea mie. Tena yangu itajifunza kwa wateja wako mwenyewe."

Bwana Sleiman akamtazama binti yake. Rukaiya akatazama chini. Angesema nini? Huyu ndiye aliyemfundisha kuzidisha na kugawa, na ndiye aliyekwenda kumbembeleza baba yake amwache aendelee na masomo wakati wenzake wanaozwa. Sisi watu wa Unguja tuna ugonjwa wetu wa kuoneana muhali, na mtu akikuonea muhali hawezi kukwambia hapana hata nguo yako ikiwa inaungua. Mwalimu Usi aliona vichwa vimeinama, akahisabu kuwa amekubaliwa.

Akajenga. Alishinda kwenye kompyuta kila akitoka skuli, macho yakawa mekundu, na siku programu ilipowashwa kwa mara ya kwanza Bwana Sleiman alitoa halua na kahawa kwa kila aliyepita mlangoni. Kioo cha kompyuta kilitoa idadi ya mikate ya kesho, na kesho yake ikauzika yote. Tangu hapo kila akipita kuuliza, Rukaiya alimwambia, "Inakwenda vizuri, Mwalimu." Naye alikuwa akilichukua neno hilo moto moto na kwenda nalo barazani.

Msimu huo huo nyumbani kwake mkewe, Sichana, aliacha kuleta mkate wa boflo asubuhi. Badala yake Mwalimu Usi alikuta chapati, laini, zimepangwa chini ya kawa, na mke amekaa pembeni jasho likimtoka. Alipouliza kulikoni, Sichana alijibu kuwa amependa tu. Mwalimu Usi akafurahi. Aliwaambia wenzake wa barazani, bila ya haya, kuwa mwanamume akifanikiwa hata mke humpenda upya. Baada ya miezi michache boflo ilirudi, na yeye alizikumbuka zile chapati kwa siku mbili tatu, halafu akasahau.

Mwaka ukapita. Jina lake likakua, au yeye alidhani limekua. Akaanza kufikiria kuacha ualimu afungue ofisi, na akamwendea mchoraji, naye akamwandikia kibao kizuri cha bluu: Usi Makungu, Mjenzi wa Programu. Kibao akakiweka nyuma ya mlango kusubiri mteja wa kukizindua. Mteja akaja. Alikuwa Bwana Azzan, mtu wa mjini mwenye hoteli kule kusini. Wageni wa hoteli yake siku nyengine walijaa, siku nyengine hakuna, na samaki na mboga zilikuwa zikimwozea. Naye alikuwa na swali lile lile: anunue au ajengewe?

"Usinisikilize mie," alisema Mwalimu Usi. "Twende Malindi ukaone kwa macho yako. Ukiridhika, ntakujengea."

Walipofika tanurini Rukaiya alikuwa ametoka. Ofisini alikuwemo Tabia tu, msichana aliyeanza kazi mwezi ule.

"Shikamoo," alisema Tabia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu mwashie mgeni wangu aione programu inayokisia mikate."

Tabia akainuka. Akaipita kompyuta ya Mwalimu Usi iliyokaa juu ya meza kubwa, akaenda pembeni, akavuta kitambaa cheupe cha kufuma. Mwalimu Usi alikijua kitambaa kile. Mwaka mzima alikuwa akidhani chini yake pana cherehani. Palikuwa na kompyuta mpya, na Tabia alipoiwasha, kioo kikatoa jina la kampuni ya Dar es Salaam.

"Siyo hiyo," alisema Mwalimu Usi. "Hii hapa."

"Hiyo?" Tabia akacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua anafanya nini. "Hiyo haitumiki. Nliambiwa niiwashe tu akija mzee mmoja aliyeijenga, asije akavunjika moyo. Akishaondoka naizima."

Bwana Azzan akaanza kutazama boriti za dari kama mtu anayetaka kuzinunua. Mwalimu Usi alibaki amenyoosha kidole kwenye kompyuta yake, na ilimchukua muda kukumbuka kukishusha. Kilichomchoma zaidi ni neno dogo, "mzee mmoja", kwa jinsi lilivyosemwa kwa huruma.

Rukaiya akatokea mlangoni na mkoba wake. Akaona kitambaa kiko sakafuni, akaona nyuso, akaelewa.

"Tabia, nenda kawatazame wakandaji," alisema. Msichana akatoka. Rukaiya hakukaa.

"Tangu lini?" aliuliza Mwalimu Usi.

"Tangu mwezi wa tatu wa kuitumia. Nisamehe, Mwalimu. Ilikuwa ikipunguza. Siku ya mvua watu hawaji, inashuka. Siku ya jua watu wamejaa, lakini haipandi, kwa sababu..."

"Kwa sababu hamwezi kuuza mkate msiouoka," alimaliza Mwalimu Usi.

Aliliona lote kwa mara moja. Mikate ilipokwisha mapema, programu yake iliandika kuwa hapakuwa na mtu mwengine aliyetaka. Iliwajua waliopata tu. Waliokuja wakakosa, wakarudi, haikuwajua kabisa, na kesho yake ikaoka kama kwamba hawakuzaliwa. Ni kosa ambalo angelimpa mwanafunzi sifuri kwa kulifanya.

"Mbona hukunambia?"

"Nlikuja, Mwalimu. Nlikuja mpaka barazani kwako. Ukasema, huyu hapa mwanafunzi wangu, muulizeni yeye. Wakaniuliza mbele yako."

Hakusema aliwajibu nini, na hapakuwa na haja. Mwalimu Usi alilikumbuka jibu lake neno kwa neno, maana alilirudia jioni ile kwa kila aliyechelewa kufika. Akakumbuka na mengine. Zile siku alizosimama nyuma ya kiti cha Rukaiya akimwelekeza bonyeza hapa, tazama pale, na kahawa aliyoletewa, na Bwana Sleiman aliyekuwa akitikisa kichwa kwa adabu mpaka mwalimu amalize na aondoke ili watu waendelee na kazi. Aliona aibu mpaka akatamani amwombe Rukaiya kile kitambaa ajifunike yeye.

Alitoka bila ya kuaga vizuri. Bwana Azzan akamfuata, wakatembea mpaka karibu na lango la bandari, wachukuzi wakiwapigia kelele wapishe njia.

"Mashaallah, Mwalimu, kazi nzuri," alisema Bwana Azzan. "Sasa yangu utaanza lini?"

Mwalimu Usi alisimama. Sauti ile alikuwa ameisikia mwaka mzima na kuipenda, na leo ndiyo mara ya kwanza kuisikia ilivyo. Ilikuwa sauti ya mtu anayemshika mkono kipofu. Na bado, Mungu amsamehe, moyo wake uliirukia kazi ile. Kosa analijua sasa, kulirekebisha hakumalizi hata wiki. Kibao kiko tayari nyuma ya mlango. Angesema mwezi ujao, na Bwana Azzan angekubali, na yaliyotokea leo yasingetajwa tena na mtu yeyote.

"Nunua," alisema.

"Aa, Mwalimu, mie nataka nijengewe."

"Umeona mwenyewe mule ndani."

"Sikuona kitu, Mwalimu."

"Umeona, Bwana Azzan. Yangu ikikosea kule hotelini kwako, nani atanambia? Utanambia wewe?"

Bwana Azzan akainama. Akatazama viatu vyake. Kisha akampa mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida, na akaenda zake upande wa gari yake kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mwalimu Usi alimwona wepesi ule kwa nyuma, na huo nao ulimuuma.

Nyumbani alimkuta Sichana ukumbini na ungo wa mchele mapajani.

"Kakubali?" aliuliza Sichana.

"Kakubali nini? Programu yangu haifanyi kazi. Wameiweka pale kama pambo. Wamenunua ya Dar zamani, wakaifunika nisiione." Alikaa mkekani bila ya kuvua kofia, akamweleza yote, pamoja na maneno ya yule msichana, maana alishachoka kupamba. "Ilihisabu waliopata mkate, Sichana. Aliyekwenda akakosa haikumjua."

Sichana hakushtuka. Aliendelea kuchagua mchele, akitoa vijiwe, na mumewe alikitazama kichwa chake kilichoinama. Alikuwa ameviona vichwa vingi vimeinama mbele yake, na leo ndiyo kwanza ajiulize vinaficha nini.

"Zile chapati," alisema polepole. "Mwaka jana."

Sichana akauweka ungo chini.

"Nlikuwa nikenda asubuhi, naambiwa mikate imekwisha," alisema. "Nikenda mapema zaidi, imekwisha. Na watu wamesimama pale wameghadhibika, wanaitukana kompyuta na mume wangu aliyeileta. Nkawa navuta buibui usoni wasinijue, narudi kukanda unga kabla hujaamka."

"Na hukunambia, mke wangu?"

"Ningekwambia saa ngapi?" alisema Sichana. "Ulikuwa ukizila huku unazisifu."