Takataka Tulizozirudisha Mtaroni

Waliponiomba turudishe takataka mtaroni, ilinipasa kusema hapana. Nilisema, "Sawa, lakini kidogo tu."

Wakati huo nilikuwa mzee wa mtaa hapa Kawangware 46, seremala mstaafu aliyeishia kidato cha nne na kupenda sana kuitwa mkubwa. Vijana wa klabu ya uongozi ya chuo kimoja walikuwa wamenifanya mlezi wao. Walitakiwa kufanya kazi za kujitolea ndipo wapewe vyeti, na saa zao hazikukubaliwa bila fomu yenye sahihi ya mzee wa mtaa. Mimi nami nilitaka kusalimiwa na watu walionizidi masomo. Walinipa tisheti nyeupe iliyoandikwa MLEZI mgongoni. Niliivaa hata kanisani. Nikikumbuka, natamani kutema mate.

Mtaro ule unapita nyuma ya ploti zetu, na aliyeutunza ni binti yangu. Nina huyo mmoja tu. Nilikuwa nikimwita Mama, maana alichukua jina la mama yangu, kama tufanyavyo kwetu magharibi. Mwaka mmoja maji machafu yaliingia chumbani kwake na mtoto wake akalazwa kwa kuhara. Aliporudi kutoka hospitalini aligonga mlango baada ya mlango hadi wapangaji wakakubaliana: kila mlango una hatua zake tano za mtaro, na kila Ijumaa jioni mwenye mlango anazoa zake. Wengi wao ni wanawake wanaofua nguo za matajiri kule Lavington. Walikuwa wakirudi vidole vimechubuliwa na sabuni, kisha wakishika koleo. Hakuna aliyewahi kuwapiga picha.

Ijumaa hiyo walizoa wakamaliza. Taka na matope wakavitia kwenye magunia, wakayapanga kando ya njia yangoje mkokoteni wa Jumatatu.

Jumamosi asubuhi vijana wakafika na tisheti za kijani na reki mpya ambazo bado zilikuwa na karatasi za dukani. Mwenyekiti wao, kijana mrefu mwenye miwani, alichungulia mtaroni akashika kiuno.

"Mzee wetu, hii imekuwaje? Mbona mtaro ni safi?"

"Wamama waliusafisha jana," nikajibu kwa fahari kidogo.

"Aki wametuweza," akasema msichana mmoja wa klabu. "Sasa sisi tutaokota nini, hewa?"

Wakacheka. Nami nikacheka.

Mwenyekiti akanivuta kando. "Mzee, mfadhili yuko njiani na mpiga picha. Tufungue gunia tatu nne hivi, tumwage, tupigwe picha, halafu tunazoa zote. Nusu saa tu. Wewe ndiye mlezi. Ukisema sawa, ni sawa."

Hapo ndipo nilipokubali. Walipofungua kamba ya gunia la kwanza wakarudi nyuma wakiziba pua, kwa hiyo nikalimwaga mwenyewe, niwaonyeshe uongozi. Zilitoka nepi zilizovimba, matumbo ya kuku, nywele bandia zilizokamatana na matope. Zilianguka kwenye hatua tano za binti yangu, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mwanga mzuri wa kamera.

Mfadhili alikaa kama dakika ishirini, kitambaa puani, akatusifu. Gari lake lilipoondoka, reki zikakusanywa. Vijana wakanawa kwa maji ya chupa, wakala mkate na soda. Chupa nyingine zilitupwa mtaroni humo humo.

"Na hizi?" nikauliza, nikionyesha taka.

"Mzee, tuna shughuli nyingine saa nane kule Kibera, karibu na Nyayo Highrise. Tutarudi kumalizia. Tusaidie tu na fomu."

Nikaweka fomu gotini nikatia sahihi moja baada ya nyingine. Kila moja ilisema kazi ilichukua muda wa saa sita. Hawakuwa wameshika reki hata saa moja. Ningeweza kuchukua koleo nizoe peke yangu, lakini nilikuwa nimeshiba mkate wao na tisheti yangu ilikuwa safi. Nikaenda kujilaza.

Alasiri mvua ilinyesha. Maji yalipokosa njia yakaingia katika vyumba vitano, cha binti yangu kikiwa cha kwanza. Mjukuu wangu akalazwa tena. Alipona, lakini baada ya siku nne.

"Baba, nani alifungua magunia?" binti yangu aliniuliza pale wodini.

"Ni wale vijana. Mimi nilikuwa nimeenda dukani."

Waliokuwa wameniona walinyamaza, maana nao walihitaji sahihi yangu kwa mambo yao. Jirani mmoja aliponong'ona kuwa ni mimi, binti yangu alimkemea mbele ya watu: "Baba yangu hawezi!" Nilisikia nikiwa nyuma ya ukuta. Sikutoka.

Wiki hiyo hiyo picha iliyopigwa na mmoja wa vijana ikafika kwenye simu yake. Alinijia, akaninyooshea simu. Mzee ameinama na gunia mkononi, taka zinamwagika, na mgongo ulioandikwa MLEZI umegeukia kamera.

"Hii tisheti ni ya nani?"

"Mama, nisikilize..."

"Usiniite Mama. Mama yako ungemmwagia uchafu mlangoni?"

Mwisho wa mwezi alihamia Kibera, upande wa Soweto East. Niliacha uzee wa mtaa, nikaichana ile tisheti nikapangusia miguu. Haikusaidia kitu. Mwenyekiti alipata cheti chake, na siku moja alinipigia akitaka nimwandikie barua ya kumsifu. Nilikata simu. Kumchukia ni rahisi. Ila gunia la kwanza hakulimwaga yeye.

Huwa naenda Kibera. Binti yangu hunipokea kando ya barabara, karibu na vibanda vya mboga. Hunisalimu kwa adabu, hunipa habari za mtoto, kisha husema, "Nenda salama Baba, usije ukanyeshewa." Husimama pale pale hadi niondoke, nisione anaelekea wapi.

Kwa kusema sawa siku ile nilimpoteza binti yangu wa pekee na mjukuu wangu. Sijui mlango wao ni upi.