Violeti au Mimosa kwa Kaburi la Mama

Juzi, kwenye kitalu cha maua hapa Mpanda, niliwakuta kaka na dada wakichagua maua ya kupanda kwenye kaburi la mama yao. Kaka, aliyetoka Dar, alishika violeti.

"Hizi ndogo zina heshima."

"Zinataka kivuli na maji kila siku," dada akasema, akigusa mche wa mimosa. "Huu ukishashika unavumilia jua. Na maua yake ya njano yanaonekana kwa mbali."

"Huo si mti wa porini tu? Tuchukue violeti."

"Nani atamwagilia, kaka?"

"Si wewe upo Mwamkulu, karibu na kaburi?"

Dada akauachia mche. "Hata Mama alipougua ulisema hivyohivyo."

Kaka akamgeukia muuzaji, akaomba violeti zifungwe vizuri. Tunawapenda sana wazazi wetu, mradi ndoo abebe mwingine.