Tonge la Kwanza ni la Jirani

Tonge moja la bukari, ugali wetu, na dakika mbili: hiyo ndiyo bei ya mambo yote haya. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili imeniuma palepale.

Sisi tuliokulia komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, katika parseli ya nyumba nyingi yenye bomba moja na mama kumi na mmoja (nahesabu tena: kumi na wawili, mmoja alikuwa safarini), tunakumbuka bukari ilivyopikwa. Maji yanachemka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, moshi wa makala unakula macho, unga unaingia kidogo kidogo, halafu mwiko na jasho. Mama alitufundisha kwa zamu, mimi na mdogo wangu Numbi. Lakini bukari ikiiva, tonge la kwanza halikuwa letu. Unaliweka kwenye kisahani, unavuka parseli mpaka kwa Mama Kabedi, jirani mwenye meno manne na maneno elfu, unapiga goti, unangoja. Akiomba maji kabla ya kumeza, umeharibu, rudi usonge upya. Akisema "Muende mukule," nyumba nzima inakula.

"Mupishi hawezi kujipima ye mwenyewe," Mama alikuwa akisema. "Na bantu ba mu nyumba banasemaka bongo, sababu beko na njaa." Yaani wa nyumbani atadanganya kwamba ni tamu, ili ale.

Sasa Numbi ni mama mzima, anauza chakula sokoni chini ya turubai. Mvua ikija, biashara inaloa pamoja naye. Mwezi uliopita alichaguliwa kwenye shindano la mapishi la televisheni. Mshindi anapewa mgahawa wenye paa. Kabla ya kwenda alinipigia simu mimi, kaka yake mkubwa: "Yaya, unipe shauri." Mimi, ninayepunguza bei hata ya kitu nisichonunua, nikampa bure kabisa: "Usisahau ya Mama."

Jumamosi iliyopita sebule yangu ilijaa watu wa kumwangalia. Numbi akasonga vizuri. Zilipobaki dakika tatu akafinyanga tonge, akaliweka kwenye kisahani, akaiacha meza yake.

"Anaenda wapi uyo?" mke wangu akauliza.

"Amekimbia!" akasema binti yangu, ambaye hupika akiangalia simu na huunguza akiangalia simu.

Alikuwa akienda kwa mama mmoja aliyesimama na ufagio pembeni ya studio. Akampigia goti. Mama wa watu akashtuka, akapokea, akatafuna polepole kama mtu aliyelipwa kwa siku.

"Mama, umeze basi!" nilikipigia kelele kioo cha televisheni.

Akameza. Akatabasamu. Numbi akarudi mbio, lakini kengele ikalia sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, ikiwa bado kwenye sufuria. Majaji wakala bukari kavu. Wakaisifu, wakamweka wa mwisho.

Tangu hapo binti yangu ananisomea maneno ya watazamaji kwenye simu. "Bukari imefanya voyage, sombe imekosa visa." "Mumutoshe uyo mu shindano, anakulisha bafagizi." Bwana mmoja wa Makomeno anasema aliona madonge. Aliyaona kupitia kioo! Nilihesabu maneno mia na kumi na nne. Nilipohesabu tena yalikuwa mia na thelathini, yanazaana. Ni mama mmoja tu wa Annexe aliyeandika: "Kwetu pia tonge la kwanza lilikuwa la jirani." Huyo nimemsoma mara mbili.

Enzi zetu ulikuwa unahukumiwa na mdomo mmoja, tena uliojaa. Mama Kabedi alitutoa machozi, lakini alimeza kwanza. Leo mji mzima unahukumu, na hakuna aliyeonja.

Jumamosi hii Numbi anasonga tena, na safari hii wa mwisho anarudi nyumbani. Jana alinipigia, sauti yake ndogo kama ya zamani: "Yaya, nipeleke tonge ao niache?" Nilimjibu kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Nikisema apeleke, huenda nikamrudisha chini ya turubai. Nikisema aache, nitamfundisha kupika bila jirani.

Nilimuuliza Mama. Akaendelea kuchambua sombe yake. "Mi niko muntu wa nyumba," akasema. "Uliza majirani."

Basi nimewapigia goti, kisahani mkononi. Niambieni kabla ya Jumamosi: apeleke, au aache?