Mara Sita za Mama Faili

Hospitalini walimwita Mama Faili, na jina lilimkaa, maana kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyeshika funguo za chumba cha kumbukumbu. Mgonjwa akipoteza kadi, alimtazama usoni, akafumba jicho moja, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Kompyuta zilipoletwa, wengi walidhani ataomba kustaafu. Badala yake akaenda kozi ya takwimu akiwa na miaka arobaini na sita, akafaulu.

Ndipo daktari mkuu akampa kazi: achunguze wagonjwa gani wa presha hawarudi kliniki. Mama Faili akachukua mafaili mia mbili, mia ya wanaoishi karibu na mia ya wanaoishi mbali, akayaingiza moja moja: aliyerudi sifuri, aliyekosa moja. Programu ikatema jedwali. Kwenye safu ya mwisho, mbele ya neno "mbali", palikuwa na sita.

Daktari alilisoma akiwa amesimama. "Kumbe wa mbali wana uwezekano mara sita wa kukosa. Basi tusijichoshe nao. Jumatatu naiambia kamati ya hospitali watibiwe kwenye zahanati zao."

Mama Faili aliitikia, lakini roho haikutulia. Zahanati zile hazikuwa na dawa za presha. Alijua, kwa sababu dada yake, fundi cherehani, aliishi huko, na faili lake lilikuwa mojawapo ya yaliyoandikwa moja.

Jumamosi akafunga safari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kunipima presha?"

"Vyote."

Akamsimulia habari ya mara sita. Dada akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Mbona mmetufanya watoro hivyo?"

Mama Faili akavuta kopo la vifungo, akapanga kumi huku na kumi kule. "Katika kila kumi wa huku, wanane walikosa. Katika kumi wa karibu na hospitali, wanne."

Dada akavitazama. "Wanane kwa wanne. Hiyo si mara mbili, mdogo wangu? Sita umeitoa wapi?"

Mama Faili akavihesabu vifungo upya. Jambo hili alilijibu kwenye mtihani, akapewa vema, lakini lilikuwa halijamwingia. Programu haikulinganisha waliokosa na wagonjwa wote. Ililinganisha waliokosa na waliorudi. Wa mbali, wanne walikosa kwa kila mmoja aliyerudi. Wa karibu, wawili walikosa kwa kila watatu waliorudi. Gawanya nne kwa theluthi mbili, unapata sita kweli. Kompyuta haikudanganya. Wao ndio waliosoma jibu la swali jingine.

"Na wewe mbona hukuja?" akauliza.

"Gari ni moja tu, asubuhi. Nikifika foleni imejaa, nikitoka la kurudi limeshaondoka. Mara ya mwisho nililala kwenye benchi lenu. Sikukwambia, ungenuna."

Jumatatu Mama Faili alimwahi daktari kwenye mlango wa kamati.

"Daktari, ile mara sita tumeisoma vibaya. Nilipaswa kukuzuia palepale. Wa mbali wanakosa mara mbili ya wa karibu."

"Mara mbili nayo si haba."

"Si haba. Lakini hata wa karibu, wanne katika kumi hawarudi. Na jedwali linasema nani anakosa, halisemi kwa nini. Kwa nini, nimemuuliza mtu mmoja tu."

Daktari akatoa kalamu, akaukata mstari wa mara sita kwenye karatasi yake ya kamati. "Ingia na mimi," alisema. "Ukaieleze mwenyewe."

Mama Faili aliomba dawa zipelekwe kwenye zahanati na wa mbali wahudumiwe kwanza; kamati haikutoa yote. Ilikubali wa mbali wahudumiwe kwanza asubuhi, kwa miezi mitatu, kisha wahesabiwe upya. Mwezi uliofuata dada alikuja. Presha ilikuwa juu, muuguzi akamgombeza, na saa saba mchana alikuwa ameshafika nyumbani kwake.

Mama Faili alianza kuwapigia simu wale themanini wa mbali waliokosa, mmoja mmoja, akiuliza kilichowazuia. Wa tatu alikuwa amehama. Wa nne alicheka kidogo, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza, kisha akamwomba Mama Faili asubiri kidogo, avute kiti akae.